Kompyuta Mwenyeji Kati ya Itifaki Mbili: Historia ya Mpito wa ARPANET kutoka NCP kwenda TCP/IP, 1981–1983

1. Utangulizi

Tarehe 1 Januari 1983 hutajwa mara nyingi katika historia ya mawasiliano ya kompyuta kuwa siku ambayo intaneti ilizaliwa. Dai hilo lina ukweli wake, lakini linaficha mengi kuliko linavyoeleza. Siku hiyo hakuna waya mpya uliotandazwa, wala hakuna mtambo mpya uliozinduliwa. Kilichobadilika ni kanuni za mazungumzo ambazo kompyuta zilizokwisha kuunganishwa na mtandao wa ARPANET wa Marekani zililazimika kuzifuata ili ziendelee kuwasiliana. Itifaki ya zamani, NCP, iliyokuwa imetumika kwa zaidi ya muongo mmoja, ilianza kuondolewa, na mahali pake pakachukuliwa na itifaki mbili zinazofanya kazi bega kwa bega, yaani TCP na IP.

Insha hii inachunguza miezi kumi na minne iliyotangulia siku hiyo, tangu Novemba 1981 ulipotolewa mpango rasmi wa mpito. Katika kipindi hicho baadhi ya kompyuta zilijua itifaki ya zamani tu, nyingine zilijua itifaki mpya tu, na nyingine zilitumia zote mbili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, watumiaji walihitaji kuendelea kusoma barua pepe, kuhamisha faili na kutumia kompyuta za mbali kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hoja kuu ya insha ni kwamba mpito huo ulifanikiwa kwa sababu ulisimama juu ya nguzo mbili zinazotegemeana: daraja la muda lililojengwa ndani ya kompyuta chache zilizoteuliwa, na tarehe ya mwisho iliyokuwa na nguvu ya kutekelezwa. Daraja bila tarehe lingeweza kugeuka makao ya kudumu, na tarehe bila daraja ingevunja kazi za watu waliotegemea mtandao.

2. ARPANET na mgawanyo wake wa kazi

Ujenzi wa ARPANET ulianza mwaka 1969 kwa ufadhili wa ARPA, wakala wa utafiti ulio chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Vituo vinne vya kwanza vilikuwa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Chuo Kikuu cha California mjini Santa Barbara na Chuo Kikuu cha Utah. Katika kila kituo iliwekwa mashine ya kupitishia pakiti, iliyojulikana kwa kifupi kama IMP, ambayo ilitengenezwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Cambridge, Massachusetts. Kompyuta kubwa ya chuo au ya taasisi, ambayo ndiyo iliyoendesha kazi za watumiaji, iliunganishwa na IMP iliyo jirani yake. Kompyuta hiyo iliitwa mwenyeji.

Mgawanyo huo wa kazi ndio msingi wa historia yote inayofuata. IMP zilibeba pakiti kutoka kituo kimoja hadi kingine, zikahakikisha kwamba zimefika salama na kwa mpangilio. Kompyuta mwenyeji ilikuwa na wajibu wa kuanzisha mazungumzo, kuyagawa kwa programu mbalimbali na kuyafunga. Kanuni za wajibu huo zilibuniwa na kikundi cha watafiti, wengi wao wanafunzi wa shahada za juu, kikiongozwa na Steve Crocker. Yeye ndiye aliyeandika, mwezi Aprili 1969, waraka wa kwanza katika mfululizo wa nyaraka za RFC, ambazo hadi leo ndizo zinazotunza kanuni za intaneti. Kutokana na kazi ya kikundi hicho ilipatikana NCP.

NCP ilitosha kwa mazingira yake. Juu yake zilijengwa programu tumizi tatu zilizoupa mtandao thamani machoni pa watumiaji: Telnet, iliyomwezesha mtu kutumia kompyuta ya mbali akiwa kwenye kituo chake, FTP, iliyohamisha faili, na barua pepe, iliyoanza kupita mtandaoni mwaka 1971 kutokana na kazi ya Ray Tomlinson. Hata hivyo, NCP ilibeba dhana mbili ambazo baadaye ziligeuka vikwazo. Kwanza, iliamini kwamba mtandao ulio chini yake haupotezi kitu, hivyo haikuwa na utaratibu wake wa kutuma tena pakiti iliyopotea. Pili, ilidhani kwamba mtandao ni mmoja tu. Anwani ya awali ilikuwa na biti 8: biti 6 za kutambulisha IMP na biti 2 za kutambulisha kompyuta mwenyeji iliyounganishwa nayo. Hapakuwa na sehemu ya anwani iliyoweza kusema kwamba kompyuta inayotafutwa iko katika mtandao mwingine.

3. Sababu za kuiacha NCP

Katika miaka ya 1970, ARPA iligharimia pia mitandao ya pakiti iliyotumia redio na setilaiti. Mitandao hiyo haikuwa na uhakika ambao IMP zilitoa, kwani mawimbi ya redio hukatika na pakiti hupotea njiani. Kompyuta mwenyeji iliyotegemea NCP isingeweza kujua kwamba sehemu ya ujumbe wake imepotea. Kwa sababu hiyo, mwaka 1973 Robert Kahn na Vinton Cerf walianza kubuni itifaki mpya, na Mei 1974 wakachapisha makala iliyoeleza misingi yake. Wazo lao kuu lilikuwa kwamba jukumu la uhakika lihamishwe kutoka kwenye mtandao hadi kwa wenyeji wenyewe. Mtandao ungejitahidi kufikisha pakiti, lakini ni kompyuta mwenyeji ambayo ingehesabu zilizofika, kutuma tena zilizopotea na kuzipanga upya.

Mwaka 1978 itifaki hiyo iligawanywa katika tabaka mbili. IP ilipewa kazi ya kubeba pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kwa kutumia anwani ya biti 32, na TCP ikapewa kazi ya kusimamia uhakika kati ya wenyeji wawili. Kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 1977, lilikwishafanyika jaribio lililounganisha ARPANET, mtandao wa redio na mtandao wa setilaiti. Matoleo ya itifaki ambayo yangetumika katika mpito yalichapishwa Septemba 1981 katika nyaraka za RFC namba 791 na 793.

Kitaalamu, basi, itifaki mpya ilikuwa imethibitishwa. Hata hivyo, ubora wa kitu kipya hautoshi kuwafanya watu waache kile walichokizoea. Kwa msimamizi wa kompyuta katika chuo kikuu, NCP ilikuwa inafanya kazi, barua zilifika na faili zilihamia. Kuandika upya sehemu ya mfumo endeshi kwa ajili ya TCP kulihitaji muda na watu wenye ujuzi adimu, na faida yake ingeonekana kwanza kwa wengine, yaani wale waliokuwa katika mitandao ya redio na setilaiti.

4. Mpango wa Novemba 1981

Mpango wa mpito uliandikwa na Jon Postel wa Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ukatolewa Novemba 1981 kama RFC namba 801. Waraka huo unaeleza kwa uwazi nani anapaswa kufanya nini na lini. Kila taasisi ilipewa jukumu la kuweka TCP na IP katika kompyuta zake yenyewe, na kazi hiyo ilipaswa kuanza kabla ya tarehe 1 Januari 1982 kupita. Kompyuta yoyote mpya itakayojiunga na ARPANET ilitakiwa kutumia itifaki mpya pekee. Tarehe 1 Januari 1983 iliwekwa kuwa mwisho wa NCP.

Postel alitambua kwamba kompyuta zote haziwezi kuvuka siku moja. Kwa kipindi cha mwaka mmoja hivi, mtandao ungekuwa na makundi matatu: wenyeji wa NCP tu, wenyeji wa TCP tu, na wenyeji wa itifaki zote mbili. Matarajio yake yalikuwa kwamba wenyeji wengi wa zamani hawatatupa NCP mara moja, bali wataongeza TCP kando yake, na hivyo kundi la tatu litakua.

Uwezekano wa kuendesha itifaki mbili katika kompyuta moja ulitokana na muundo wa ujumbe uliopita kati ya mwenyeji na IMP yake. Kichwa cha kila ujumbe kilikuwa na namba ya kiungo. Namba fulani zilitengwa kwa ajili ya NCP, na namba 155 ikatengwa kwa ajili ya IP. Kompyuta iliyopokea ujumbe ilisoma namba hiyo na kuamua kama iukabidhi kwa programu ya NCP au ya IP. Waya ulikuwa uleule na IMP ileile. Tofauti ilikuwa tarakimu moja katika kichwa cha ujumbe na kipande cha programu kilichojua kuisoma. Kama itakavyoonekana, tarakimu hiyo iliyofungua mlango kwa itifaki mpya ndiyo iliyotumika baadaye kuufunga kwa ile ya zamani.

5. Kompyuta za kupokezana na programu tumizi tatu

Tatizo gumu lilikuwa mawasiliano kati ya mwenyeji wa NCP tu na mwenyeji wa TCP tu. Hawa wawili wasingeweza kuzungumza moja kwa moja, hata kama wameunganishwa na IMP moja. Mpango uliagiza kwamba baadhi ya wenyeji wa itifaki zote mbili wateuliwe kuwa kompyuta za kupokezana. Kama ilivyo katika mbio za kupokezana vijiti, kompyuta hizo zingepokea kazi kwa itifaki moja na kuikabidhi kwa nyingine. Huduma hiyo ilipangwa kuanza Novemba 1981 na kukamilika Januari 1982.

Inafaa kuangalia jinsi upokezanaji ulivyotofautiana kwa kila programu tumizi, kwani hapo ndipo gharama halisi ya kuishi na itifaki mbili inapoonekana. Kwa Telnet, mtumiaji aliunganishwa kwanza na kompyuta ya kupokezana kwa NCP, kisha kutoka hapo akafungua muunganisho wa pili kwa TCP hadi kompyuta aliyoikusudia. Kila herufi aliyoiandika ilipita katika mikono miwili. Kwa FTP, faili ilinakiliwa kwanza hadi kompyuta ya kati, kisha ikanakiliwa tena kutoka hapo hadi mwisho wa safari, na mtumiaji mwenyewe ndiye aliyesimamia hatua zote mbili. Katika programu hizi mbili, daraja lilikuwepo lakini mvukaji alilihisi chini ya miguu yake.

Barua pepe ilikuwa tofauti. Barua haidai mtumaji na mpokeaji wawepo kwa wakati mmoja, hivyo kompyuta ya kupokezana iliweza kuipokea, kuihifadhi na kuituma mbele bila mtumiaji kusimamia lolote. Mpito huo pia uliibadilisha barua pepe yenyewe. Katika enzi ya NCP, barua zilibebwa kama sehemu ya FTP kwa kutumia amri maalumu. Katika mazingira mapya zilipewa itifaki yao, SMTP, ambayo Postel aliiandika na ambayo toleo lake lililodumu kwa miaka mingi lilichapishwa Agosti 1982 katika RFC namba 821. Hivyo, hitaji la kuvusha barua kati ya itifaki mbili lilikwenda sambamba na kuzaliwa kwa mfumo wa barua ambao msingi wake ungali unatumika.

Masalia ya NCP yanaonekana hata katika namba za milango ya TCP. Muunganisho wa NCP ulikwenda upande mmoja tu, hivyo mazungumzo kamili yalihitaji jozi ya namba, moja witiri na nyingine shufwa. TCP huenda pande zote mbili na haihitaji jozi. Pamoja na hayo, namba za programu za zamani ziliendelea kuwa witiri: 21 kwa FTP, 23 kwa Telnet na 25 kwa SMTP.

6. Jedwali la wenyeji na ukaguzi wa hadharani

Ili programu tumizi ifanye kazi katika mazingira yenye itifaki mbili, haitoshi kompyuta kuwa na itifaki hizo. Ni lazima pia ijue mwenzake anaelewa ipi. Taarifa hizo zilitunzwa na Kituo cha Habari za Mtandao kilichokuwa SRI, Menlo Park, kikiongozwa na Elizabeth Feinler. Kituo hicho kilihifadhi jedwali la majina na anwani za wenyeji wote, na kila taasisi ililazimika kujipatia nakala. Machi 1982, RFC namba 810 ilileta muundo mpya wa jedwali. Mbali na jina, anwani ya IP, aina ya mashine na mfumo endeshi, muundo huo uliruhusu kuorodhesha huduma za kila mwenyeji pamoja na itifaki inayozibeba.

Hata hivyo, jedwali hueleza kile ambacho wasimamizi wamekitangaza, na si lazima kiwe ndicho kinachofanya kazi. Kuanzia Desemba 1982 hadi Februari 1983, David Smallberg alichapisha, karibu kila wiki, mfululizo wa ripoti za RFC zilizoanza na namba 832. Kichwa chake kilikuwa swali lenye maana ya kuuliza ni nani anayezungumza TCP. Mbinu ilikuwa rahisi: kompyuta moja ilijaribu kufungua muunganisho wa Telnet, wa FTP na wa SMTP kwa kila mwenyeji aliyeorodheshwa, na matokeo yakachapishwa kwa majina. Kila taasisi iliweza kuona jina lake na majina ya majirani zake. Ripoti hizo zilionyesha pia kwamba kuhama si tendo moja. Mwenyeji aliweza kuitikia Telnet huku huduma yake ya barua ikiwa bado haijibu.

7. Tarehe yenye nguvu

Machi 1982, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliitangaza TCP/IP kuwa kanuni ya mitandao yote ya kompyuta ya kijeshi. Tamko hilo liliupa mpango wa Postel mamlaka ya kiserikali. Bado kulikuwa na wasimamizi waliodhani kwamba tarehe ingesogezwa mbele, kama ilivyo kawaida ya tarehe nyingi. Jibu lilitolewa na mtandao wenyewe. Katikati ya mwaka 1982, wasimamizi wa ARPANET walizima kwa siku moja namba za kiungo zilizotumiwa na NCP. Ujumbe wa NCP ulikataliwa, na kompyuta ambazo hazikuwa na TCP zikajikuta zimetengwa. Baadaye mwaka huohuo zoezi lilirudiwa kwa siku mbili.

Mazoezi hayo hayakumfundisha mtu lolote jipya kuhusu itifaki. Yalichofundisha ni kwamba onyo lilikuwa la kweli. Ilipofika tarehe 1 Januari 1983, badiliko lilifanyika, ingawa baadhi ya wenyeji walipewa ruhusa ya kuendelea na NCP kwa miezi michache zaidi. Waliofanya kazi hiyo wakati wa sikukuu za mwaka mpya walivaa beji zilizosema kwamba wamenusurika katika mpito. Chini ya mzaha huo kulikuwa na ukweli mchungu: gharama ya badiliko iliangukia kwa kiasi kikubwa watu ambao hawakuliomba, yaani wasimamizi wa kompyuta moja moja.

Oktoba 1983 ARPANET iligawanywa, na sehemu yake kubwa ikawa mtandao wa kijeshi wa MILNET. Kwa kuwa wenyeji wa pande zote mbili walikwisha kutumia IP, mitandao hiyo miwili iliweza kuwasiliana kupitia malango. Kazi ambayo NCP isingeiweza ilifanyika ndani ya mwaka mmoja tangu iondolewe.

8. Mpito usio na tarehe

Uzito wa nguzo ya pili unadhihirika ukilinganishwa na mpito mwingine, wa kutoka toleo la nne la IP kwenda toleo la sita. Anwani za biti 32 hazikutosha kwa dunia nzima. Toleo la sita, lenye anwani za biti 128, lilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1995. Mbinu iliyopendekezwa mwaka 1996 ilikuwa ileile ya Postel: kompyuta mwenyeji iendeshe itifaki zote mbili kwa pamoja. Programu tumizi zilihitaji kubadilishwa, kwa sababu nyingi ziliandikwa zikidhani kwamba anwani ina biti 32 daima. Ziliagizwa kuuliza orodha ya anwani zote za mwenzake, kisha kuzijaribu moja baada ya nyingine hadi moja ikubali.

Kilichokosekana ni mamlaka. Mwaka 1983 mtandao ulikuwa na mamia ya wenyeji na mfadhili mmoja. Mtandao wa leo hauna mwenye uwezo wa kuzima toleo la nne hata kwa siku moja. Tarehe 6 Juni 2012 kampuni nyingi kubwa ziliwasha toleo la sita kwa kudumu, lakini kuwasha kipya si sawa na kuzima cha zamani. Matokeo yake, msimamizi wa mtandao mjini Dar es Salaam au Nairobi bado analazimika kuandaa kompyuta zake kwa itifaki mbili, kulinda milango miwili na kutafuta kosa mahali pawili. Wakati huohuo, anwani za toleo la nne zimekuwa adimu. AFRINIC, shirika la kugawa anwani barani Afrika lenye makao yake Mauritius, liliingia katika awamu ya pili ya ugawaji wa kubana mwezi Januari 2020. Daraja lililojengwa bila tarehe ya kubomolewa limegeuka barabara ya kila siku, na wanaolipia matunzo yake ni pamoja na waliojiunga na mtandao kwa kuchelewa.

9. Hitimisho

Historia ya mpito wa ARPANET inaonyesha kwamba mtandao hubadilika katika kompyuta mwenyeji, si katika nyaya, na kwamba kipimo cha badiliko hilo ni programu tumizi ambazo watu huzitegemea. Namba ya kiungo, jedwali la wenyeji na kompyuta za kupokezana zilikuwa vifaa vya kawaida visivyo na fahari, lakini ndivyo vilivyowezesha barua kufika wakati itifaki mbili zikiishi pamoja. Hata hivyo, vifaa hivyo havikuwa na uwezo wa kuumaliza mpito. Uliomaliza ni uamuzi wa watu wenye mamlaka, uliotangazwa mapema, ukajaribiwa hadharani na kutekelezwa. Pale ambapo mamlaka kama hayo hayapo, na ni vigumu kutamani yawepo katika mtandao wa dunia nzima, kila anayebuni daraja kati ya itifaki mbili anapaswa kueleza tangu mwanzo ni nani atakayelitunza, na kwa gharama ya nani, hadi siku litakapokuwa halihitajiki tena.